Dakika Kumi na Kituo cha Anga: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yanawahusu walimu, vilabu vya redio za ridhaa na kila anayejitolea kupitia ARISS, mpango unaowakutanisha wanafunzi na wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa njia ya redio. Ulianzishwa mwaka 1996. Shule ya kwanza kuzungumza ilikuwa Luther Burbank, eneo la Chicago, Desemba 2000. Juu alikuwako mwanaanga Bill Shepherd. Wengi wanaouendesha hawalipwi hata senti. Kutolipwa si ruhusa ya kulegalega.

Pata leseni kwanza. Wanaanga wenyewe wana leseni za redio za ridhaa, na kituo kina alama zake za utambulisho, kama NA1SS na RS0ISS. Wewe uliye chini huna sababu ya kukaa mbele ya redio bila kibali cha mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Mtoto anaruhusiwa kushika maikrofoni pale tu mwenye leseni anaposimamia.

Usiwaibie watoto muda. Kituo huenda kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, na kwa msikilizaji mmoja huonekana juu ya upeo wa macho dakika kama kumi tu, kisha kinazama. Dakika hizo ni za wanafunzi. Mgeni rasmi ahutubie kabla au baada. Mfadhili asisalimie, mkuu wa shule asishukuru, na wewe mtaalamu wa antena usijisifu hewani. Nimeona ratiba zenye hotuba nne na swali moja la mtoto. Ratiba ya namna hiyo ichanwe.

Andika maswali, yapeleke mapema, kisha yafanyishe mazoezi. Mtoto aseme jina lake, aulize kwa sentensi moja, amalize kwa "ova" na kuachia kitufe. Swali ambalo jibu lake limo kitabuni halifai kupelekwa umbali wa kilomita 400. Panga kwanza maswali ambayo ungesikitika yakikosa nafasi, maana ya mwisho huenda yasifikiwe.

Soma saa kwa UTC. Hapa ndipo wenzetu wa Afrika Mashariki hujikwaa. Barua ikisema 09:00, kwa Dar es Salaam na Nairobi ni saa sita mchana, wala si saa tatu asubuhi. Ibandike ukutani kwa wino mnene, kwa saa zote mbili. Kituo hakimsubiri aliyekosea kusoma.

Usirushe kamwe kwenye 145.800 MHz. Hayo ni masafa ya kituo kuzungumza nasi. Kazi yako hapo ni kusikiliza. Masafa ambayo shule hurushia hayatangazwi, kwa hiyo ukiyajua, nyamaza nayo. Sababu ni hii: kutoka juu kule kituo huona eneo lenye upana wa zaidi ya kilomita 4,000, na kwenye FM mawimbi yenye nguvu huyafunika manyonge. Mtu wa Kampala anayejaribu bahati yake anaweza kufuta swali la mtoto wa Mombasa bila yeyote kati yao kujua. Ukitaka kurusha, nenda kwenye masafa yaliyo wazi kwa wote, kama yale ya data ya 145.825 MHz, tena pale mfumo huo unapokuwa umewashwa.

Jua athari ya Dopla. Kituo kikikaribia, sauti huja juu kidogo ya 145.800, kama kilohezi tatu na nusu. Kikiondoka hushuka chini kwa kiasi hichohicho. Anayesikiliza kwa redio ya mkononi hasumbuki sana.

Weka redio ya pili na betri ya volti 12 mezani. Umeme ukikatika dakika ya tatu, hakuna wa kumlaumu ila aliyeacha betri nyumbani.

Usidharau daraja la simu. Shule isiyo na antena inaweza kuunganishwa kupitia kituo cha wanaojitolea nchi nyingine, ambao huzungumza na wanaanga na kupitisha sauti kwa simu hadi darasani. Kwa shule nyingi za kwetu ndiyo njia ya busara kuliko kununua rota ya antena itakayotumika mara moja.

Usinung'unike tarehe ikihamishwa. Chombo kikija kutia nanga, au wanaanga wakitoka nje, redio za ridhaa huzimwa kwa usalama. Nyuma ya miadi moja kuna mashirika ya Marekani, Urusi, Ulaya, Japani na Kanada, pamoja na wajitoleaji wenye kazi zao za mchana. Jibu barua zao siku hiyohiyo. Usimrukie mratibu wako ukaandikia shirika la anga moja kwa moja. Utachelewesha shule yako na ya jirani.

Usiwatoze watoto kiingilio, wala usiuze nafasi za kuuliza. Redio za ridhaa hazifanyi biashara, na ARISS haiidai shule malipo ya mawasiliano. Mzazi akiombwa fedha za "kuongea na anga", aulize zinakwenda wapi.