Vizsla ndani ya ghorofa

SWALI: Tunaishi ghorofa ya tatu mjini Hamburg, mimi, mume wangu na watoto wawili wadogo. Tumempenda mbwa aina ya vizsla. Atatufaa?

JIBU: Dada, usihangaike na ukubwa wa nyumba, hoja ni miguu yenu. Vizsla ni mbwa wa Hangaria, alizalishwa kumsaidia mwindaji kutafuta ndege mashambani kutwa nzima. Akinusa ndege huganda papo hapo: mguu mmoja wa mbele hewani, mkia umenyooka, pua imeelekea kichakani. Bustanini atawafanyia hivyo hivyo njiwa. Watoto watacheka, lakini wewe kaza kamba, maana baada ya kuganda huja mbio.

Anahitaji mazoezi ya saa moja hadi mbili kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na humo lazima akimbie kwelikweli. Akikosa, makochi yatakiona. Mchosheni pua pia: mfichieni vipande vya chakula chini ya zulia, nyuma ya mlango, ndani ya kiatu kikuukuu, avitafute mwenyewe.

Manyoya yake ni mafupi, hivyo majira ya baridi mvalisheni koti. Kwa watoto ni mpole, ila kilo 25 zenye furaha humwangusha mtoto wa miaka miwili bila kukusudia. Msiwaache peke yao.

Shida kubwa ni upweke. Huyu hukufuata hadi mlango wa choo, na akiachwa peke yake siku nzima atabweka mpaka majirani waje kugonga. Kama nyote wawili mnarudi kutoka kazini jioni, msimchukue.