SOMO: KUNUNUA TRAKTERI KUUKUU NA KUITENGENEZA

Ndugu wakulima, mji wa Lubumbashi unakula bukari kila siku, na unga mwingi wa mji huo hupita Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikikataza mahindi yake kutoka, bei ya mfuko hupanda mara. Kwa hiyo watu wa vijiji vya Kipushi, Kambove na Sakania wanataka kulima mashamba makubwa, na wengine wanachanga feza ili wanunue trakteri moja ya wote. Trakteri mpya inawashinda bei. Kuukuu yaweza kupatikana, lakini feza ya watu thelathini ikiishia katika chuma kisichotembea, mwaka ule hakuna mbegu wala mbolea. Basi sikieni vema jinsi ya kuijaribu kabla ya kulipa.

Kwanza, msinunue mwezi wa Oktoba. Mvua ya kwetu huanza mwisho wa Oktoba au Novemba, na mahindi yapasa kuwa udongoni kabla Desemba haijaenda mbali. Mtu anayenunua Oktoba hana siku za kutengeneza, na muuzaji anajua neno hilo. Nunueni Juni au Julai, mkiisha kuuza mavuno.

Pili, kabla ya kuuliza bei ulizeni habari za piesi. Ferguson TE20, ile ndogo ya rangi ya majivu, ilitengenezwa Coventry katika Uingereza tangu 1946 hata 1956, zaidi ya 500,000. Ni mashini nzuri, mimi naipenda, lakini nyingi hazinywi mazutu, tena umri wake ni wa babu. Massey Ferguson 135 ilitengenezwa tangu 1964 hata 1975, na nyingi zina motere ya Perkins ya silinda tatu, ya mazutu. Nayo imezeeka, lakini viwanda vya Uhindi na Pakistani viliendelea kutengeneza trakteri za ukoo huo, ndiyo sababu piesi zake hupatikana. Trakteri isiyo na ndugu sokoni, hata ikipakwa rangi ya kung'aa, iacheni.

Tena kuna mashini ndogo za kukata majani, ambazo mtu hukaa juu yake kama juu ya trakteri. Zatoka Ulaya na Marekani, na bei yake yavuta macho. Kazi yake ni majani ya uwanja tu. Mkiifunga jembe na kuiingiza katika udongo wetu mwekundu, giya zake zitavunjika upesi.

Sasa kujaribu. Mwambieni muuzaji asiwashe motere kabla hamjafika. Mkifika, wekeni mkono juu ya motere. Ikiwa ya moto, ameiwasha ili kuficha shida ya kuwaka asubuhi. Rudini siku nyingine. Ikiwa baridi, vuteni kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta meupe kama maziwa maana yake maji yameingia ndani. Fungueni na kifuniko cha radiateri, lakini motere ikiwa baridi tu, maana maji ya moto yataunguza uso. Halafu iwasheni na kutazama moshi. Moshi mweupe kidogo kwa dakika za kwanza si neno. Moshi wa buluu usiokwisha waonyesha kwamba motere inakula mafuta yake, na matengenezo yake ni ya feza nyingi. Moshi mweusi mara nyingi ni filtri ya hewa iliyoziba au mazutu yanayozidi.

Endesheni trakteri katika kila giya. Giya inayoruka yenyewe ni mbaya. Fungeni jembe nyuma, na mafuta yakiisha kupata moto mwone kama mikono inaliinua bila kutetemeka. Tazameni mipira mikubwa ya nyuma, kwa maana bei yake itawashangaza. Mwisho, someni namba kwenye kibao cha trakteri, mwiandike katika karatasi ya mauzo pamoja na jina la muuzaji, na mashahidi watie sahihi. Katika nchi ya migodi mashini za kampuni huibwa, na mwenye kununua mali ya wizi hunyang'anywa.

Mkiisha kuileta kijijini, adui wa kwanza ni vumbi. Trakteri nyingi za zamani zina filtri ya hewa yenye bakuli la mafuta. Wakati wa kiangazi lifungueni kila siku ya kazi. Mafuta yakiwa mazito kama matope, mwageni, osheni bakuli, tieni mengine safi mpaka kwenye alama. Kazi hii ni ya robo saa. Vumbi likipita, litasaga silinda mpaka moshi wa buluu uanze.

Shida nyingine ya kila mara: mazutu yaliisha njiani, mkatia mengine, motere ikakataa kuwaka. Msiite fundi wa mjini. Hewa imeingia katika mabomba. Legezeni bulo ndogo juu ya filtri ya mazutu, pigeni pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na mazutu yatoke safi, kazeni. Fanyeni vivyo hivyo kwenye bulo za pampu kubwa. Kisha legezeni kidogo mabomba yanayoingia kwenye silinda, zungusheni motere kwa batri mpaka mazutu yatoke, kazeni tena. Msiweke kidole wala jicho karibu: mazutu yale hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi.

Hesabuni pia mazutu. Kulima hektari moja kwaweza kumeza lita 20 au zaidi, kufuata udongo. Shamba jipya la porini lina visiki, na hapo jembe la sahani ni bora, kwa kuwa hupanda juu ya kisiki. Mkitaka kung'oa kisiki, fungeni mnyororo chini, kwenye chuma cha kuvutia, wala si juu ya ekseli. Ukifungwa juu, pua ya trakteri itainuka na kumwangukia dereva kabla hajakanyaga ambreyaji.