Oili ya Kompresa: Kutambua Ugonjwa wa Jokofu kwa Dalili Zake

Katika Bonde la Kilombero joto na unyevu wa hewa huozesha samaki upesi. Jokofu likikoma kupoza huko Mofu, perege na kambale waliokusudiwa kuuzwa kesho hawana budi kubanikwa ama kutupwa. Ikiwa jokofu ni la zahanati, hasara ni kubwa zaidi, kwani chanjo nyingi hutakiwa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Miongoni mwa vyanzo vya hasara hiyo ni hitilafu ya oili iliyomo ndani ya kompresa.

Kazi ya oili

Kompresa ni pampu inayoendeshwa na mota ya umeme. Hufyonza gesi ya kupoozea kutoka mabomba ya ndani ya jokofu, huigandamiza hadi ikapata moto, kisha huisukuma kwenye mabomba ya nje, ambako hupoteza joto na kuwa kioevu. Kioevu hupita katika mrija mwembamba, kikarudi ndani na kugeuka mvuke huku kikifyonza joto la vilivyohifadhiwa. Katika jokofu la nyumbani pampu na mota hufungiwa katika kasha moja la chuma lililochomelewa, na oili hukaa chini ya kasha hilo. Oili hupunguza msuguano na kuondoa joto.

Injini ya pikipiki huweza kuunguza oili yake kidogo kidogo. Jokofu haliunguzi oili, kwa kuwa mzunguko wake umefungwa. Basi oili ikipungua katika kompresa, ama imevuja nje, ama imekwama ndani ya mabomba. Fundi anayeongeza oili bila kuuliza ile ya kwanza imekwenda wapi ni sawa na tabibu anayetuliza homa akaiacha malaria.

Dalili na maana zake

(a) Doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye kiungo cha bomba. Gesi inayovuja hutoka pamoja na oili. Povu la sabuni likipakwa hapo, mapovu yatakayofura yataonyesha tundu.

(b) Kelele ya kugonga mara jokofu linapowaka. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, gesi huingia ndani ya oili iliyopoa. Kompresa ikianza kazi, shinikizo hushuka ghafula na oili hutoka povu kama soda iliyofunguliwa. Povu hilo husukumwa nje, na vyuma husagana vikavu. Mashine kubwa za barafu huwekewa hita ndogo ya kuipasha oili moto zinapokuwa zimezimwa.

(c) Kompresa hufanya kazi bila kupumzika, lakini ubaridi ni hafifu. Huenda gesi imepungua, na mwendo wake umekuwa dhaifu mno kuirudisha oili. Oili hiyo hutanda ndani ya mabomba ya kupoza na kuzuia joto kupita.

(d) Oili nyeusi yenye harufu kali. Hii ni alama ya joto la kupita kiasi au ya mota iliyoungua. Oili ya namna hiyo huweza kuwa na asidi, kwa hiyo isiguswe bila glavu. Kubadili kompresa peke yake hakutoshi: mabomba yasafishwe na kichujio kibadilishwe, la sivyo asidi iliyobaki itaiua kompresa mpya.

Hatari ya unyevu

Kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, nchi zinazoendelea zilipaswa kuacha gesi kama R12 kufikia mwaka 2010, kwa sababu huharibu tabaka la ozoni. Gesi R134a, iliyochukua nafasi yake katika majokofu mengi, haichanganyiki vema na oili ya madini iliyotumiwa na R12. Huhitaji oili ya esta. Oili hii hufyonza maji kutoka hewani, na maji hayo huizalisha asidi. Kopo lililoachwa wazi usiku mmoja wa masika huko Mofu lisitumiwe tena. Majokofu mengine hutumia R600a, gesi inayowaka moto. Yasichomelewe gesi ikiwa bado imo ndani.

Maswali

1. Kwa nini kupungua kwa oili katika kompresa hakumaanishi kwamba oili imeungua?
2. Eleza kwa kanuni ya shinikizo jinsi oili inavyotoka povu.
3. Jokofu la zahanati limeongezwa gesi mara tatu katika mwaka mmoja. Fundi angepaswa kuchunguza nini kabla ya mara ya pili?