Namna ya Kumtunza Bata Aliyeokotwa

Huenda siku moja ukaokota bata aliyetupwa njiani, au aliyeponea chupuchupu katika mafuriko. Kwanza waulize majirani, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji, maana huenda bata huyo ana mwenyewe. Asipopatikana, bata huyo ni amana yako. Lakini fahamu kwamba huruma isiyo na maarifa yaweza kumwua yeye, na kuku wako wote pamoja naye.

1. Kumtenga. Usimwachilie kati ya kuku. Bata aweza kuwa na ugonjwa wa kideri mwilini bila ya kuonekana mgonjwa; lakini kuku wakiambukizwa, banda zima laweza kubaki tupu kwa siku chache. Kwa hiyo mweke mbali nao muda wa siku 30, mahali pakavu penye kivuli, pasipoingia paka wala kicheche usiku. Kila siku wahudumie kuku kwanza na bata mwisho, kisha unawe kwa sabuni. Vyombo vyake viwe mbali.

2. Kumshika. Usimnyanyue kwa miguu wala kwa bawa, kwa kuwa miguu ya bata huumia upesi. Mkumbatie mwili wote, mabawa yakiwa yamekunjwa. Papasa mfupa wa kifua: ukiwa umechongoka, jua kwamba amekaa na njaa siku nyingi. Tazama na nyayo. Ukiona uvimbe wenye kigaga cheusi, mwoshe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, umtandikie majani makavu, wala asikae juu ya sakafu ngumu. Uvimbe ukizidi, mwite bwana mifugo.

3. Maji. Watu wengi humtia bata dimbwini siku ile ile, wakidhani wamfurahisha. Hilo ni kosa. Bata mzima hujipaka mafuta yatokayo katika tezi iliyo juu ya mkia. Lakini aliyedhoofika huacha kujipaka, maji yakampenya hata ngozini, akafa kwa baridi. Mpe maji ya kunywa tu, yenye kina cha kutosha kuzamisha mdomo na pua, ndipo aweze kujisafisha. Maji hayo yawe karibu na chakula daima, maana bata akila chakula kikavu pasipo maji hukabwa. Akiisha kupata nguvu, na maji yakateleza juu ya manyoya yake, aoge mchana wakati wa jua.

4. Chakula. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi: pumba iliyoloweshwa, mchicha uliokatwakatwa, na dagaa waliopondwa, wasio na chumvi. Mahindi peke yake hayatoshi, hasa kwa kifaranga, kwa maana hukosa vitamini B3 ya kutosha na miguu yake hupinda. Dagaa na karanga huiongeza. Kamwe usimpe nafaka wala karanga zilizoota ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula cha karanga zenye ukungu, na vifaranga vya bata hudhurika kwa sumu hiyo upesi kuliko vya kuku.

5. Kumchanganya. Bata hapendi upweke. Siku 30 zikiisha, naye akila vema, macho maangavu, kinyesi bila kasoro, mwunganishe na wenzake. Mwenye subira atakuwa na bata wake, na kuku wake pia.