Machozi ya Mkunazini na Nyumba ya Atiman

Kila asubuhi, hapa Posta, wageni wengi hupanda boti za Unguja kando ya barabara ya Sokoine. Wengi wao wamekusudia kufika Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ambapo Waanglikana walijenga kanisa kuu lao. Twapenda leo kutazama mambo yawapatayo wageni hao mahali pale.

Huteremshwa katika vyumba vya chini, vyenye giza na dari ya kuinamia, wakaambiwa kwamba watumwa walisongamanishwa humo. Wengine hulia, wengine hupiga picha wakatoka upesi. Machozi hayo hatuyadharau hata kidogo. Lakini jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wanahistoria kadhaa wana shaka kama mtumwa yeyote alipata kulazwa humo. Yafaa mgeni aambiwe hivyo. Uovu ule ulikuwa mkubwa. Hauhitaji kutiwa chumvi.

Litutialo wasiwasi zaidi ni hasira. Wapo watokao pale wakimtazama jirani Mwarabu, au Mwislamu yeyote, kwa jicho baya, kana kwamba biashara ile ilikuwa ya taifa moja au dini moja. Je, barani ni nani waliowauza mateka? Watawala Waafrika walikuwamo. Ni nani waliokopesha fedha za misafara? Matajiri wa Kihindi wa Unguja walikuwamo. Na mwaka 1776 Mfaransa Morice, mtu wa taifa la Kikristo, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mwongozaji asiyeyataja hayo amemrudisha mgeni nyumbani na chuki tu.

Tena, hapa hapa barabara ya Sokoine, wageni hao huipita Nyumba ya Atiman bila kugeuza shingo. Adrian Atiman aliibwa mtoto katika nchi ya mto Niger, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomea uganga Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukoni mwa ziwa Tanganyika, akawatibu watu wa huko hata uzeeni, akafa mwaka 1956. Nyumba yenye jina lake, ambayo ilijengwa zama za masultani wa Unguja, haina pingu wala giza la kuonyesha. Labda ndiyo sababu hakuna asimamaye. Twawaomba waongozaji wa wageni wawasimamishe hapo kitambo kidogo, kabla ya boti kuondoka, wawasimulie habari za daktari huyo.