Namna ya Kuchagua Mada ya Utafiti Kuhusu Maktaba za Mtandaoni na Mitandao ya Kijamii

Wanafunzi wengi wa vyuo vya Unguja hutakiwa kuandika karatasi ya utafiti kabla ya kuhitimu. Miongoni mwao wapo wanaovutiwa na maktaba za mtandaoni na mitandao ya kijamii, kwa kuwa ni mambo wanayoyatumia kila siku. Taabu huanza pale mada inapoandikwa: “Athari za Teknolojia katika Maktaba.” Mada ya namna hiyo ni bahari isiyo na ufukwe. Muhula humalizika mwanafunzi akiwa bado hajajua atie nanga wapi.

Makala hii inaeleza hatua nne za kupata mada ndogo, inayokamilika kwa wakati na yenye faida kwa wakaazi wa shehia.

Kwanza, mtafiti aanze na hitaji la mahali anapoishi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini urithi huo si kuta peke yake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka. Jengo huweza kujengwa upya kwa kufuata michoro na picha. Kumbukumbu ya mzee aliyefariki bila ya kuulizwa haina mchoro.

Pili, ajue vyanzo vilivyopo na anavyoweza kuvifikia. Hapa Unguja ipo Maktaba Kuu, Maisara, na zipo Nyaraka za Taifa, Kilimani, zilizoanzishwa mwaka 1956. Mtandaoni, Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani kimeweka wazi mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, zikiwemo za Unguja. Mwenye simu na bando huweza kuzitazama akiwa barazani kwake. Hata hivyo, picha nyingi za zamani katika makusanyo ya aina hii hazina majina ya watu wanaoonekana. Mpiga picha aliandika mahali tu, au hakuandika kitu.

Tatu, atafute pengo. Katika makundi ya WhatsApp ya jamaa walioko Malindi, Dar es Salaam na Muscat, picha za zamani husambazwa mara kwa mara. Mzee mmoja hujibu kwa sauti, akataja aliyesimama kulia ni nani, nyumba ilikuwa ya nani na duka lililokuwa chini yake liliuza nini. Baada ya siku mbili ujumbe huo umefunikwa na salamu za Ijumaa na matangazo ya harusi. Simu ikipotea, nao hupotea. Maktaba ina picha isiyo na jina, na kundi lina jina lisilo na maktaba. Pengo hilo ni mada tosha.

Nne, aipunguze mada kwa mahali, watu na muda, kisha aigeuze kuwa swali. Kwa mfano: “Ni taarifa zipi ambazo wazee kumi wa Shehia ya Malindi huzitoa kuhusu picha thelathini za zamani, na ambazo hazimo katika maelezo ya maktaba ya mtandaoni?” Swali hili lina idadi, lina mipaka na jibu lake linaweza kukusanywa ndani ya miezi mitatu. Mwanafunzi wa Makunduchi naye anaweza kuuliza namna gharama ya bando inavyowazuia wenzake kusoma vitabu vya mtandaoni.

Adabu ya utafiti isisahauliwe. Sauti ya mzee katika kundi la familia haikutolewa kwa ajili ya umma. Mtafiti apate kibali kupitia chuo chake, ajitambulishe kwa sheha, na aombe ridhaa ya kila anayenukuliwa. Baadhi ya picha huamsha kumbukumbu nzito. Mzee akinyamaza, ukimya wake uheshimiwe.

Kazi ikikamilika, isiishie katika kabati la chuo. Nakala ipelekwe kwa waliohojiwa na, kwa ridhaa yao, itolewe kwa maktaba ili majina yaliyopatikana yaungane na picha zake.

Kabla ya kuiwasilisha mada kwa msimamizi, mwanafunzi aijaribu nyumbani: amweleze bibi yake kwa sentensi moja anachotaka kukijua. Bibi akiuliza, “Kwani hilo nani asiyelijua?”, mada itafutwe upya. Akisema, “Hebu lete hiyo picha niione,” utafiti umeshaanza.