Somo la 8: Uongozi wa Kubadilishana na Uongozi wa Kubadilisha

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 29:15–30, 31:1–16, 38–42, Yn. 6:1–15, 26, 66–69; Mk. 10:35–45, Flm. 8–21, Neh. 5:1–19.

Fungu la Kukariri: Marko 10:45.

Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika vibaya. Muda si mrefu Serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, na wakazi wa bondeni wakahamishiwa vijiji vipya kwenye ardhi iliyoinuka. Walihimizwa kwa chakula cha msaada na kwa ahadi ya shule, zahanati na maji. Ngorongo na vijiji vingine vya Rufiji vinaikumbuka historia hiyo. Watu walihama. Lakini msimu wa kilimo ulipofika, familia nyingi zilirudi bondeni, kwenye udongo unaorutubishwa na mafuriko, zikakaa katika madungu na kulinda mpunga wao dhidi ya wanyama. Hawakuwa wakaidi. Waliujua udongo uliowalisha, na ahadi ya zahanati haikuweza kuwafanya wausahau.

Kiongozi anaweza kuihamisha miguu ya watu kwa kuwapa kitu. Je, anaweza kuuhamisha moyo kwa njia hiyo hiyo? Juma hili tunalinganisha uongozi wa kubadilishana, yaani nipe nikupe, na uongozi unaombadilisha mtu kutoka ndani. Ni jambo linalomhusu kila mzee wa kanisa, kila kiongozi wa Dorkasi, kila mwalimu wa Shule ya Sabato na kila mzazi.

JUMAPILI
Mkataba wa Labani

Soma Mwanzo 29:15–30 na 31:1–16, 38–42. Labani na Yakobo walipatana nini, na mapatano hayo yalizaa nini nyumbani mwao?

Labani alianza vizuri. Alikataa ndugu yake amtumikie bure, akamtaka ataje mshahara. Hapakuwa na kosa katika hilo, kwa maana Maandiko yanasema mtenda kazi astahili ujira wake (linganisha na 1 Tim. 5:18). Tatizo ni kwamba kwa Labani uhusiano wote uliishia kwenye mshahara. Baada ya miaka saba alimpa Yakobo Lea badala ya Raheli. Baadaye akabadili ujira wake mara kumi.

Angalia matokeo baada ya miaka ishirini. Wana wa Labani walinung'unikia mali. Yakobo aliondoka kwa siri. Binti zake mwenyewe walisema kwamba baba aliwahesabu kama wageni, akawauza, kisha akala fedha yao. Kazi ilifanyika, mifugo iliongezeka, lakini nyumba ilivunjika. Mtu anayehesabiwa kwa faida yake tu hujifunza naye kuhesabu, na siku hesabu isipomlipa, huondoka.

Watu unaowaongoza wangesema unawaona kama ndugu, au kama mikono ya kufanyia kazi? Ungejuaje?

JUMATATU
Mkate wa Galilaya

Soma Yohana 6:1–15, 26, 66–69. Kwa nini Yesu aliukimbia umati uliotaka kumfanya mfalme?

Yesu aliwalisha watu elfu tano kwa sababu walikuwa na njaa. Hakuwaambia kwanza waahidi kumfuata. Lakini wao waliugeuza mkate kuwa mapatano: anayetushibisha atatutawala. Kiongozi mwingine angefurahi kupata wafuasi wengi kwa siku moja. Yesu alijitenga akaenda mlimani peke yake.

Kesho yake aliwaambia wazi kwamba walimtafuta kwa sababu walikula wakashiba. Alipoanza kufundisha neno gumu, wengi walirudi nyuma. Hakuwaongezea mkate ili wabaki. Aliwageukia wale Thenashara akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Petro alijibu kwamba hawana mwingine wa kumwendea, maana Yesu ana maneno ya uzima. Hapo panaonekana tofauti kati ya anayefuata kitu na anayemfuata Bwana.

Fikiria darasa la watoto ambamo kila anayekariri fungu hupewa pipi. Watoto hujaa. Siku pipi zinapokwisha, ndipo mwalimu hujua alichokuwa akikijenga. Pipi si dhambi. Swali ni kama mtoto amefundishwa kulipenda Neno lenyewe.

JUMANNE
Viti vya Kuume na Kushoto

Soma Marko 10:35–45. Yakobo na Yohana walitaka nini kwa malipo ya kumfuata Yesu? Kwa nini wale kumi walikasirika?

Wana wa Zebedayo walikuwa wameacha nyavu na baba yao. Sasa walitaka kujua watalipwa nini. Hasira ya wale kumi haikutokana na unyenyekevu. Inaelekea nao walivitaka viti vile vile. Katika kanisa la leo jambo hili huonekana kamati ya uteuzi inapomaliza kazi yake. Mtu aliyekosa nafasi huacha kuhudhuria, kana kwamba alikuwa akitumika kwa mkopo.

Yesu hakuwafukuza wanafunzi hao. Aliwaonyesha jinsi wakuu wa mataifa wanavyotawala, kisha akajitoa mwenyewe kuwa kielelezo cha njia nyingine. Usiku ule wa mwisho aliosha miguu ya wote, hata ya Yuda (Yn. 13:1–15), mtu aliyekwisha kuwauliza makuhani watampa nini (Mt. 26:14–16).

Wote walikaa na Mwalimu mmoja. Yuda aliondoka na vipande thelathini vya fedha. Yakobo, aliyeomba kiti, alikuja kuuawa kwa upanga kwa ajili ya Kristo (Mdo. 12:1, 2). Kati ya ombi lile na upanga ule kulikuwa na moyo uliobadilishwa. Uongozi wa Yesu haukumlazimisha yeyote, na kwa sababu hiyo hata yeye hakuwapata wote.

JUMATANO
Ningeweza Kuamuru

Soma Filemoni 8–21. Paulo alikuwa na haki gani juu ya Filemoni, na aliitumiaje?

Paulo anasema angeweza kumwagiza Filemoni. Anachagua kumsihi kwa upendo, na katika aya ya 14 anaeleza sababu: wema wa Filemoni utoke kwa hiari. Amri ingemrudisha Onesimo nyumbani salama, lakini pengine Filemoni angebaki bwana yule yule mwenye mtumwa yule yule. Paulo alitaka zaidi. Alitaka Filemoni amwone Onesimo kuwa ndugu mpendwa.

Wakati huo huo Paulo hakupuuza deni. Kama kuna hasara, alisema, iandikwe juu yake, naye atalipa. Anayewaita watu kwenye badiliko la moyo hawaambii wasahau haki zao. Anakubali kubeba gharama.

Ni mara ngapi umetumia amri pale ambapo kusihi kungechukua muda mrefu zaidi, lakini kungezaa tunda linalodumu?

ALHAMISI
Meza ya Mtawala

Soma Nehemia 5:1–19. Nehemia alifanya nini kabla ya kuwadai wakuu warudishe mashamba?

Yerusalemu ukuta ulikuwa unajengwa, lakini maskini walikuwa wamewekea rehani mashamba yao, na watoto wao wakawa watumwa. Nehemia hakuhubiri upendo tu. Aliitisha kusanyiko kubwa, akadai mali irudishwe, akawaapisha wakuu mbele ya makuhani. Hayo ni mapatano yenye masharti, na yalikuwa ya lazima. Kanisa nalo huhitaji stakabadhi, ripoti ya mhazini na mgawanyo wa kazi ulio wazi.

Nguvu ya maneno yake ilitoka kwingine. Kwa miaka kumi na miwili hakula posho ya mtawala, ingawa waliomtangulia waliitoza. Yeye na watumishi wake walishika kazi ya ukuta. Watu mia na hamsini walikula mezani pake. Anatoa sababu: utumwa ulikuwa mzito juu ya watu hawa. Wakuu walipoambiwa waache faida, aliyewaambia alikuwa ameacha yake.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mwaka 1978 mwanazuoni wa Marekani, James MacGregor Burns, alizitofautisha aina hizi mbili za uongozi. Mwaka 1985 Bernard Bass aliendeleza wazo hilo, akaonyesha kwamba kiongozi mmoja anaweza kutumia zote mbili. Nehemia ni mfano mzuri wa jambo hilo.

Historia ya Tanzania inatoa onyo pia. Mwaka 1968, katika andiko lake Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine. Hujiendeleza wenyewe, na kazi ya kiongozi ni kueleza na kushawishi. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na mwisho wa 1976 ukawekwa kuwa ukomo. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu wengi, na hilo ni jema. Lakini hata kiongozi anayeamini kwa dhati katika hiari aweza kuiacha, haraka inapomshinda. Kubadilisha moyo huchukua muda. Kristo hakuona haya kungoja.

Maswali ya Kujadili

1. Katika kundi lenu, ni kazi gani ingesimama leo kama zawadi, posho au sifa ingeondolewa? Jibu hilo linawaambia nini?

2. Jirani asiye wa imani yetu anapoletewa chakula na Dorkasi, mtafanyaje asione kwamba ananunuliwa? Linganisheni na Yohana 6.

3. Ni wakati gani masharti na uwajibikaji ni tendo la upendo? Toeni mfano kutoka Nehemia 5 na mwingine kutoka kanisani kwenu.

4. Yesu aliosha miguu ya Yuda, na Yuda akatoka. Kiongozi afanye nini moyoni mwake pale utumishi wake unapokosa matunda kwa mtu fulani?